Nywele za gundi: walizipiga vita, hakuna aliyetufunza kuziosha

Jamani, leo tuongee nywele za gundi. Si rasta, si zile za kushonwa. Naongelea wivi inayobandikwa kwa ile gundi nyeusi, ambayo unaingia saluni saa nane mchana, na saa tisa na nusu ushatoka na nywele hadi mgongoni, unakatiza mjini Malindi kama vile ulizaliwa nazo.

Kila nikiweka video ya nywele, lazima atokee mtu wa kusema kuongeza nywele ni ugeni, ni kuiga Wazungu. Huyo mtu historia ilimpita mbali. Huko Amarna, Misri, waakiolojia walimkuta mwanamke aliyezikwa miaka kama 3,300 iliyopita, kichwani ana vipande vya nywele za kuongeza karibu 70. Wamisri hao hao walitengeneza wigi na kuzishika kwa nta ya nyuki. Yaani hata gundi si jambo la jana! Namibia, wanawake wa Mbalantu waliunga nywele kwa nyuzi za kano za wanyama hadi zikagusa visigino. Na tusiende mbali: morani anayeuza shanga ufukweni Watamu, zile nywele ndefu zilizosokotwa, kimila huongezewa nyuzi na kupakwa udongo mwekundu. Yeye watalii wanampiga picha. Binti wa Kilifi akiongeza zake, anahubiriwa.

Wivi tunayoijua sisi ina mwenyewe. Anaitwa Christina Jenkins, msusi Mmarekani mweusi wa Cleveland, Ohio. Wakati wake wigi ilibanwa kwa pini na ilikuwa inacheza kichwani. Yeye akasuka nywele za mteja, akazishonea nyingine juu yake, zikakaa. Mwaka 1952 akapewa hataza ya njia hiyo. Sasa angalia akili iliyomo: nywele zikishonwa juu ya matuta, kati ya tuta na tuta ngozi ya kichwa iko wazi. Maji yanapita, shampuu inapita, hewa inapita.

Gundi ilikuja kukata foleni. Kushona ni masaa, kubandika ni dakika. Ukiwa unafanya kazi hotelini na siku ya mapumziko ni moja tu, hiyo si anasa, ni hesabu. Simlaumu mtu. Lakini gundi nyingi za saluni zimetengenezwa kwa mpira wa asili, ule utomvu wa mti, na utomvu huo una tabia zake. Ukikauka unashika nywele na ngozi kwa pamoja. Mafuta yanaulainisha. Na kuna watu ambao miili yao inaukataa kabisa: wanawashwa, wanavimba, na wachache hushindwa hata kupumua.

Hapa ndipo historia yetu ya Afrika Mashariki inaniudhi. Oktoba 1968, vijana wa TANU kule Tanzania walipitisha Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969 wakapiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua, na wigi. Uganda ya Idi Amin nayo ikapiga marufuku wigi miaka ya 70. Dawa za kujichubua walau zina madhara ya kiafya yanayojulikana. Ila wigi ilishtakiwa kwa kosa gani? Ilishtakiwa kwa kuharibu utamaduni. Mjadala mzima ulikuwa kuhusu heshima ya taifa, na kichwa chenyewe chenye nywele hakuna aliyekiuliza kinaendeleaje.

Nadhani hilo ndilo tulilorithi. Kitu kikishaitwa aibu, watu hawaachi kukifanya, wanaacha kukiuliza. Binti akiwashwa chini ya wivi hasemi, kwa sababu anajua jibu: si ulijitakia? Basi anapigapiga kichwa kwa kiganja wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Siku ya kuitoa inang'oka na nywele za mbele. Kisha yule aliyemcheka kwa kuvaa anamcheka tena kwa kipara.

Na kinachouma zaidi, sisi watu wa Pwani ndio tulipaswa kuwa walimu wa mambo haya. Nyanya zetu nywele walizifanyia kazi: zinaoshwa, zinapakwa mafuta ya nazi, zinasukwa, zinafukizwa udi kwenye chetezo, asmini juu. Uzuri ulianzia kwenye usafi. Kwa Waislamu, josho lenyewe linataka maji yafike kwenye ngozi ya kichwa, na tabaka la gundi ndilo linalozuia. Kuhusu kuunga nywele kwenyewe kuna hadithi zinazokataza, hilo muulize sheikh wako. Mimi nazungumza na yule ambaye kashaamua na nywele ziko kichwani tayari.

Kwa hiyo sikiza. Kabla ya kubandika, paka tone la gundi nyuma ya sikio au mkononi, subiri siku nzima. Ukiwashwa, shona au achana nayo. Mwambie msusi asuke matuta, avalishe kofia ya soksi, na gundi ikae kwenye kofia, isiguse ngozi. Siku mbili za kwanza usiloweshe.

Baada ya hapo osha, tafadhali. Mara moja kwa wiki inatosha, na kwa joto hili letu usipitishe wiki mbili. Changua kwanza kwa vidole, kuanzia nchani ukipanda juu. Zimua shampuu na maji kwenye chupa, pitisha kati ya mistari kwa ncha za vidole, usikwaruze kwa kucha. Kondishona iishie kwenye urefu wa nywele, isifike kwenye gundi. Ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hata kama mfereji umekauka na umenunua mtungi. Chumvi na jasho vikikaa chini ya kofia ndiyo ile harufu. Kisha kausha mpaka chini kabisa. Usilale na mizizi mbichi.

Wiki tatu au nne zikifika, toa. Usivute! Chukua mafuta ya nazi, yale yale ya nyanya, loweka kwenye mistari, subiri gundi ilainike, iteleze yenyewe. Ndiyo maana wakati wivi ipo hupaki mafuta hapo, na siku ya kuitoa ndiyo dawa yake. Halafu kipumzishe kichwa wiki kadhaa kabla ya kubandika tena.

Mtu akikuuliza kwa nini unavaa nywele za gundi, si lazima umjibu. Ila mdogo wako akikuuliza unaziosha vipi, mjibu vizuri, mwoneshe hatua kwa hatua. Miaka hii yote wa kutukataza hawajawahi kukosekana. Wa kutufunza ndio wachache, na hiyo kazi tunaiweza.