Tumbusi, Jua na Mlima

Sisi tuliokulia kando ya Ghuba ya Speke tuliujua upepo kabla ya kuijua kalenda. Usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana, jua likishaipasha ardhi, hugeuka na kutoka ziwani kuja kwetu. Mvuvi wa dagaa asiyelifahamu jambo hilo hadumu katika kazi yake. Lakini hapa Lamadi tuna walimu wengine pia. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko karibu, na kila asubuhi ya kiangazi huonekana tumbusi, wale ambao wengi huwaita tai mzoga, wakizunguka juu bila kupiga bawa, wakipanda na kupanda hadi wanakuwa nukta. Kwa miaka mingi nimejiuliza binadamu amejifunza nini kwao, na kwa gharama gani.

Gharama ya kwanza ninayoifahamu iko karibu nasi. Desemba 1957 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliondoka Frankfurt kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, wakaja kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, kijana wa miaka 24, alikuwa peke yake katika ndege hiyo ilipogongana na tumbusi na kuanguka. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake aliyefariki mwaka 1987 amelazwa kando yake. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Watu huikumbuka filamu na kaburi. Mimi humfikiria pia yule ndege, aliyekuwa katika njia yake ya kila siku.

Miaka kama kumi baadaye alikuja Mwingereza mmoja wa aina yake, Colin Pennycuick, mtaalamu wa wanyama aliyefundisha Nairobi kisha akafanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Serengeti. Huyu alikuwa na ndege nyembamba yenye mabawa marefu na injini ndogo. Alikuwa akiizima injini hiyo akiwa angani, kisha akazunguka pamoja na tumbusi, korongo na mwari katika hewa ileile waliyoitumia wao. Hakuwafukuza, wala hakuwapita kwa kasi. Alikaa katika mduara wao akapima.

Alichokieleza kinafahamika leo kwa kila mrukaji. Jua huipasha ardhi, ardhi huipasha hewa, na hewa hiyo huinuka kama moshi wa jiko, hapa imara, pale dhaifu. Tumbusi huingia ndani yake na kupanda kwa kuzunguka, kisha hunyoosha mabawa na kuteleza kilomita kadhaa hadi kwenye hewa nyingine inayopanda. Hivyo ndivyo tumbusi wa magenge ya milima ya Gol, mashariki ya Serengeti, wanavyoweza kuyafuata makundi ya nyumbu yaliyo mbali sana na viota vyao, huku wakitumia nguvu kidogo mno. Ndiyo maana pia hawaondoki alfajiri. Hukaa wakingoja hadi ardhi ipate joto, na siku ya mawingu mazito unaweza kuwaona wamejikunyata mitini mchana mzima. Hawaoni aibu kungoja.

Mwavuli wa kuruka kutoka mlimani ulifuata baadaye. Juni 1978, huko Mieussy katika Alpi za Ufaransa, watu watatu waliokuwa wamezoea kuruka kutoka kwenye ndege waliona kwamba ukikimbia mteremkoni na parashuti ya mraba, itajaa hewa na kukuchukua. Miaka kumi baadaye, Septemba 1988, Mfaransa Jean-Marc Boivin aliruka namna hiyo kutoka kilele cha Everest. Mwavuli wenyewe ni kitambaa na kamba tu, hauna mfupa hata mmoja. Hewa iliyo ndani yake ndiyo inayoupa umbo la bawa, na hewa ikivurugika, umbo nalo linaweza kuvurugika.

Katika Afrika Mashariki, mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni ukingo wa Bonde la Kerio, Iten, kule Kenya. Nilikaa huko wiki mbili Januari 2011 kwa shughuli nyingine, nikawa napanda ukingoni kila siku kuwatazama. Mji uko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, na chini bonde limezama zaidi ya mita elfu moja. Ni mahali pazuri, na ni mahali pakali.

Mteremko ule ukipigwa na jua, hewa huupanda kutoka bondeni, na mrukaji anaweza kutembea mbele ya genge kama mtu apitaye barazani. Lakini mwavuli wa kawaida husafiri kilomita 35 hadi 40 hivi kwa saa. Upepo ukikaribia mwendo huo, mrukaji hasongi mbele tena. Ukizidi, unamrudisha nyuma ya ukingo, na huko nyuma hewa iliyopita juu ya mlima huanguka na kujiviringa kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Humo ndimo mwavuli hukunjika. Saa za mchana jua likiwa kali, hewa hupanda kwa vishindo, na visulisuli vya vumbi huonekana bondeni. Niliwaona wazoefu wakikunja vitambaa vyao saa tano na kwenda kunywa chai. Wageni wapya walinung'unika. Mimi niliwakumbuka tumbusi wetu mitini.

Wana adabu zao pia. Wawili wakikutana uso kwa uso mbele ya mlima, aliye na mlima mkono wa kulia huendelea, kwa kuwa hana pa kukwepea. Mwenzake ndiye hugeuka upande wa bonde. Aliyetangulia kuingia katika hewa inayopanda ndiye huchagua upande wa kuzunguka, na wote wafuatao humfuata, hata kama kiongozi huyo ni ndege. Aliye chini hupewa nafasi, maana hamwoni vizuri aliye juu yake.

Kilimanjaro nako wamejaribu. Mwaka 2013 kundi kubwa la warukaji kutoka nchi nyingi lilipanda na miavuli yao. Hali ya hewa ikakataa, na wengi wao wakashuka kwa miguu. Wapo waliowacheka. Septemba 2019 mtalii mmoja raia wa Canada aliruka kutoka mlima huohuo, mwavuli wake haukufunguka sawasawa, akafariki. Sijaona sababu ya kuwacheka wale wa mwanzo.

Nayasema haya kwa sababu mpwa wangu, anayeongoza watalii, alinijia na wazo. "Mjomba, Iten wanapata wageni kila Januari. Sisi tuna vilima, tuna ziwa, tuna Serengeti. Tunangoja nini?"

Sikumkatisha tamaa. Nilimwambia atundike vitambaa juu ya kilima alichokichagua na aandike katika daftari, mwaka mzima, upepo unatoka wapi na kwa saa gani, na siku ile unapogeuka kutoka ziwani unafika kwa upole au kwa kishindo. Nilimwambia pia atafute kama kuna viota katika mawe. Tumbusi wa magenge, wa aina ya Rüppell, tangu 2015 wamo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa sababu ya sumu, na ndege anayeatamia hahitaji kitambaa chekundu kupita mlangoni pake. Na mipaka ya hifadhi haina mjadala. Kibali kitafutwe kabla ya mtu kufunga mkanda.

Daftari sasa lina miezi saba. Mwezi uliopita tulikwenda wawili kumwona bibi mwenye shamba la pamba chini ya kilima, mahali ambapo warukaji wangetua. Mpwa wangu akaamkia, akaeleza kwa ufasaha habari za wageni, ajira na fedha za kigeni. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akatazama juu kilimani, kisha akatazama pamba yake iliyoanza kupasuka.

"Huyo mtu akishuka," akauliza, "anachagua mwenyewe pa kukanyaga, au upepo ndio unamchagulia?"

Mpwa wangu akanitazama. Nikamwambia amjibu ukweli.