Makaburi ya Nguzo, Tongoni: Mkono wa Fundi, Mkono wa Sonara

Umesimama kati ya makaburi zaidi ya 40 yanayouzunguka msikiti wa kale. Ni kazi ya karne ya 14 na 15. Sogea uyatazame mapambo: yalichongwa kwenye matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi na laini, kabla hayajakauka yakawa magumu. Katika vishimo vya duara fundi alipachika mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, kama sonara anavyokaza kito kwenye pete. Nao masonara wenyewe wa mwambao, katika karne ya 19, waliyeyusha reali za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye mwaka 1780, wakafua kekee (bangili) na mafurungu (vikuku), mali ambayo mwanamke aliivaa mwilini na kuiuza siku ya shida. Mabakuli ya makaburi haya nayo yameng'olewa. Tafadhali usiegemee nguzo.