Siku Mji Unapofunga Milango

Watu wa Masisi na Walikale wanaijua desturi ya "ville morte", ndiyo kusema mji uliokufa. Siku hiyo Goma maduka hayafunguliwi, pikipiki hazitembei, na watu wanabaki nyumbani ili serikali isikie uchungu wao. Je, desturi hiyo ilitoka wapi, na watu wanaipokeaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapinzani wa Mobutu waliitumia sana. Januari 1992 Waziri wa Kwanza, Nguz Karl-i-Bond, alifunga Mkutano Mkuu wa Taifa. Basi, tarehe 16 Februari Wakristo wa Kinshasa waliandamana bila silaha, wakiomba ufunguliwe. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Lakini Aprili mkutano ulifunguliwa tena, na siku ile haikusahauliwa.

Kwa sababu hiyo, tarehe 16 Februari 2016 ilichaguliwa kuwa siku ya ville morte nchini, kudai uchaguzi ufanyike kwa wakati wake. Huko Goma vijana 6 wa LUCHA, chama kilichoanza mwaka 2012 na kinachokataa kutumia nguvu, walikamatwa kabla ya mapambazuko, wakatiwa gerezani. Hata watu wasiopenda kufunga duka waliwahurumia, maana hawakumdhuru mtu.

Walakini kuna manung'uniko, tena ya haki. Mkulima wa Masisi anapeleka Goma viazi, maharagi, maziwa na jibini. Viazi vinaweza kungoja kesho, maziwa hayangoji. Mama anayeuza sombe anapata leo chakula cha leo. Huko Walikale, mbali katika msitu, gari likichelewa, chumvi na sabuni vinapanda bei. Hao wanauliza: "Mbona anayeumia ni sisi, na mkubwa anakula kama jana?" Wengine wanawajibu: "Hasara ya siku moja ni ndogo kuliko hasara ya vita." Wote wawili wanasema kweli.

Tena tukumbuke Julai 2022. Watu walikasirika kwa kuwa askari wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, hawakuwalinda raia. Hasira ilikuwa na sababu. Lakini huko Goma wengine waliingia katika ofisi zao na kupora mali. Fujo ikafika Butembo na kwingine, wakafa watu zaidi ya 30, raia pamoja na watu wa MONUSCO. Ndipo wengi waliokuwa wakizungumza juu ya vijiji visivyolindwa wakaanza kuzungumza juu ya uporaji.

Tunajifunza nini? Mlango uliofungwa na mwenyewe kwa hiari yake unasema neno. Mlango uliofungwa kwa kuogopa mawe hausemi kitu, hata njia yote ikiwa kimya. Basi, wanaoita watu kufunga waseme wazi wanaomba nini, na kwa siku ngapi. Tena wamwulize kwanza mwenye maziwa na mama wa sombe. Hao wakikubali, mji utasikika.