Namba 63 Ilivyopoteza Silinda Nane

Injini ya V8 ya Mercedes-AMG ilipata Saudi Arabia makao yaliyoifaa kuliko hata Ujerumani ilikozaliwa. Kati ya Riyadh na Jeddah kuna barabara kuu ya karibu kilomita 950, sehemu kubwa ikikata jangwani, na mpaka mwisho wa mwaka 2015 lita ya petroli ya okteni 95 iliuzwa riyali 0.60 tu. Mwenye gari linalobugia mafuta hakuwa na haja ya kupiga hesabu. Nyota ya Mercedes nayo ilikuwa imezoeleka zamani: kampuni ya familia ya Juffali, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilichukua uwakala wake katika miaka ya 1950, na miaka ya 1970 malori ya Mercedes yakaanza kuunganishwa Jeddah.

AMG yenyewe ilianza kando ya Mercedes. Mwaka 1967 wahandisi wawili, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, walifungua karakana ya kuziongezea injini nguvu. Mwaka 1971 gari lao jekundu la 300 SEL, lenye injini ya lita 6.8, lilishika nafasi ya pili katika mbio za saa 24 za Spa, Ubelgiji. Lilitokana na 300 SEL 6.3 ya mwaka 1968, na tangu hapo namba hiyo ikawa na heshima yake. Mercedes iliimiliki AMG yote mwaka 2005. Mwaka uliofuata ikatoka injini ya kwanza ambayo AMG iliibuni yenyewe tangu mwanzo; ujazo wake ulikuwa cc 6,208, lakini magari yake yakaandikwa 63 kwa kuienzi ile ya zamani.

Mwaka 2007 injini hiyo ilitiwa ndani ya C 63, sedani ndogo yenye nguvu za farasi 457. Haikuwa na turbo, hivyo iliitikia mguu papo hapo, na muungurumo wake ulijulikana kabla gari halijaonekana. Kila injini ilifungwa na fundi mmoja, saini yake ikabandikwa juu. Kwa haki kabisa, hicho ndicho kilele cha AMG. Kizazi cha mwaka 2014 kilishuka hadi lita 4.0 na turbo mbili. Wapenzi walinung'unika, lakini silinda nane zilibaki.

Pigo lilikuja Septemba 2022. C 63 S E Performance ilizinduliwa ikiwa na silinda nne, lita 2.0, na mota ya umeme nyuma. Kwa takwimu ni gari la kutisha: nguvu za farasi 680 na uzito unaozidi kilo 2,100. Kampuni ilisema teknolojia yake imetoka Formula 1, mashindano ambayo Lewis Hamilton, wakati huo dereva wa Mercedes, alishinda Jeddah Desemba 2021, mbio za kwanza kufanyika huko. Lakini anayenunua gari la namna hii hanunui takwimu. Hununua sauti na wepesi, navyo ndivyo vilivyotolewa kafara. Betri yake imekusudiwa kuwekwa karibu na nyuzijoto 45, na kiangazi cha Riyadh hewa yenyewe hufika hapo, jambo linaloupa mfumo wa kupoza kazi kubwa.

Sababu kuu ilikuwa Ulaya, ambako wastani wa hewa ya kaboni kwa magari mapya ulibanwa kuwa gramu 95 kwa kilomita. Hata hivyo Saudi Arabia nayo ilikuwa inabadilika. Kanuni zake za matumizi ya mafuta zilianza kutumika mwaka 2016, na Januari 2018 okteni 95 ikapanda hadi riyali 2.04. Mwaka 2021 Riyadh ilijiwekea lengo la asilimia 30 ya magari ya jiji kuwa ya umeme ifikapo 2030, na Septemba 2023 kampuni ya Lucid ilifungua kiwanda cha magari ya umeme kaskazini mwa Jeddah.

V8 haijafa. Imehamia kwenye magari ghali zaidi, kama G 63 na S 63, ambayo kijana aliyeweka akiba kwa ajili ya C 63 hayafikii. Mwaka 2025 mkuu wa AMG, Michael Schiebe, alithibitisha kwamba V8 mpya inaundwa.