Mlimani ni wapi?

Kwa mtu wa Shelui, wilayani Iramba, "mlimani" ni Sekenke, pale malori yatokayo Singida kwenda Nzega yanaposhuka kwa gia nzito. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mlimani ni Chuo Kikuu. Utingo akiandika kutoka Shelui, "nikipanda mlimani nitakupigia", msomaji wa Dar afuate mlima upi?

Lugha ya kompyuta ya Lisp, aliyoianzisha John McCarthy mwaka 1958, ililivaa swali hilihili. Hapo awali jina lilipata maana kwa yule aliyeiita funksheni (kipande cha programu kinachoitwa kufanya kazi), yaani lilikuwa la msomaji. Scheme, lahaja ya Lisp ya 1975, ikampa haki mwandishi, na lahaja nyingine, Common Lisp, ikafuata. Funksheni inayosafiri na majina ya kwao huitwa klozha. Eneo ambamo jina lina nguvu tuliite mawanda. "Upeo", wanaoupenda wengine, kwangu ni mwisho wa macho tu.

Mawanda yakiwa ya mwandishi, wanaojaribu programu ndio huumia. Mtu anaweka funksheni ya bandia kwa flet ya Common Lisp, halafu jaribio linaendelea kuita ile halisi! Flet hubadili jina ndani ya mabano yake tu. Msimbo ulioandikwa nje hauna habari. Inabidi abadili funksheni iliyofungwa kwenye jina lenyewe, kwa symbol-function, na kuirudisha jaribio likiisha, hata likikatika njiani. Asipoirudisha, majaribio yanayofuata yataita bandia ileile.