Maji yanapozoleka: Kurudia michezo ya video na mizani ya maadili

WAHENGA walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika ulimwengu wa michezo ya video, methali hii hukanushwa kila uchao. Mchezaji aliyemuua mhusika asiye na hatia hurejea pale alipouhifadhi mchezo wake, akachagua njia nyingine, na marehemu akawa hai tena.

Michezo inayohusika hapa ni ile ya kuigiza uhusika. Mchezaji huvaa nafsi ya mtu fulani, akasafiri, akapigana, akazungumza na wengine na kukata kauli kwa niaba yake. Hadithi hutanda kama matawi ya mti. Jibu moja hufungua mlango huu na kufunga ule. Kwa kuwa hakuna awezaye kupita kila tawi katika safari moja, wengi hucheza upya ili wayaone yaliyowapita.

Mfano wa awali unaotajwa sana ni Ultima IV, mchezo uliotolewa mwaka 1985 na Mmarekani Richard Garriott. Lengo lake halikuwa kumuangamiza jitu mwovu mwishoni, kama ilivyozoeleka, bali kukuza fadhila 8, zikiwemo uaminifu, huruma, haki na unyenyekevu. Humo mlikuwa na muuzaji kipofu aliyemwachia mteja ahesabu malipo mwenyewe. Aliyempunja alibaki na sarafu zake, lakini mchezo ulimpunguzia alama za uaminifu kimyakimya.

Kampuni ya BioWare ya Kanada iliupanua mtindo huo. Mwaka 2003 ilitoa Star Wars: Knights of the Old Republic, ambamo matendo ya mchezaji humsogeza kwenye upande wa nuru au wa giza. Mwaka 2007 ukafuata Mass Effect, kisa cha kamanda Shepard. Katika sayari ya Virmire, askari wake wawili, Ashley Williams na Kaidan Alenko, huzingirwa mahali tofauti, na muda unatosha kumwokoa mmoja tu. Uamuzi huo hauishii hapo. Mchezaji akihamisha kumbukumbu za mchezo wake, aliyekufa huendelea kukosekana katika sehemu ya pili ya mwaka 2010 na ya tatu ya mwaka 2012.

Anayerudia akitumaini kupata jibu la kuwaokoa wote wawili huambulia patupu, kwani jibu hilo halipo. Hata hivyo, hajapoteza muda wake. Mara ya kwanza alidhani kwamba alikosea. Mara ya pili anatambua kuwa zipo njia panda ambazo kila upande una kaburi.

Mwaka 2020, aliyekuwa mbunifu katika kampuni hiyo alifichua kwamba takriban asilimia 92 ya wachezaji wa Mass Effect walifuata njia ya wema, licha ya juhudi kubwa iliyotumika kuitengeneza njia ya ukatili. Yaelekea kwamba hata mahali ambapo hakuna sheria wala jirani wa kumsuta, binadamu huona vigumu kumtukana au kumdhuru kiumbe aliyechorwa tu. Wapo wanaokiri kwamba waliporudia mchezo wakinuia kuwa waovu, nia iliwavunjika mapema.

Ugumu huzidi pale wema wenyewe unapokuwa na bei. Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ililionyesha hilo mwaka 2015 katika The Witcher 3. Mhusika mkuu, Geralt, hutumwa na wachawi watatu wa kinamasi amuue pepo aliyefungwa chini ya mti. Pepo naye huomba afunguliwe, akiahidi kuwanusuru mayatima ambao wachawi hao wamepanga kuwala. Akifunguliwa, watoto hupona, lakini kijiji cha jirani huteketezwa. Mwanamke aliyewalea watoto hao hufa, na mumewe hujinyonga. Akiuawa, kijiji husalimika na mwanamke huishi, ingawa akili imemruka, huku mumewe akiondoka naye kumtafutia tiba. Watoto nao hawaonekani tena.

Matokeo hayo hayajitokezi papo hapo. Kufikia wakati mchezaji anapoyaona, amekwisha kuhifadhi mchezo mara nyingi, na kurudi nyuma ni kutupa saa kadhaa za kazi. Majuto ni mjukuu, na hapa huja baada ya safari ndefu. Ndiyo maana wengi huendelea hadi tamati, kisha wakaanza upya wakiwa na maarifa ambayo Geralt mwenyewe hana.

Swali linalobaki ni zito: je, uamuzi unaoweza kutanguliwa una uzito wowote wa maadili? Jibu la kipekee lilitolewa na Mmarekani Toby Fox katika Undertale, mchezo uliotoka Septemba 2015. Hapa inawezekana kufika mwisho bila kumuua yeyote. Mapema, mchezaji hukutana na Toriel, mlezi mpole anayemzuia kuondoka. Wapo wanaomuua kwa kutojua njia nyingine, wakajuta, wakarudi nyuma na kumwacha hai. Muda mfupi baadaye, ua liitwalo Flowey huwakumbusha kwamba linajua walichokifanya.

Anayeamua kuua kila kiumbe huachwa mwishowe katika giza tupu. Akitaka ulimwengu ule urudishwe, hudaiwa nafsi yake iwe malipo. Akikubali, kila kitu hurejea, na anaweza kucheza tena kwa amani tangu mwanzo. Lakini hata hitimisho lile la furaha huwa limeingiwa na doa, na dalili za uovu wa awali hujitokeza katika picha za mwisho.

Kwa hivyo, kurudia si lazima kuwe njia ya kukwepa lawama. Safari ya kwanza humwonyesha mchezaji alichokichagua. Ya pili humwonyesha nani aligharimika kwa uchaguzi ule. Maji ya mchezo huzoleka, lakini aliyeyamwaga hubaki akikumbuka mahali palipolowa.