Blogu za Kiswahili: miaka 20 ya maandishi yasiyo na maktaba

Septemba 2025 ilitimia miaka 20 tangu Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti ya serikali, aanzishe blogu yake akiwa mkutanoni Helsinki, Finland. Aliyemwonyesha njia ni Ndesanjo Macha, mwanasheria aliyekuwa akiishi Marekani, mwenye Jikomboe, blogu inayotajwa kuwa ya kwanza kwa Kiswahili. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Michuzi akawa Ankal, wasomaji wakawa wadau, na kublogu kukaitwa kuendeleza libeneke.

Lakini anayenivuta zaidi ni Profesa Joseph Mbele. Ni mtafiti wa fasihi simulizi aliyezaliwa Umatengo, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha, kuanzia 1991, Chuo cha St. Olaf, Minnesota. Katika blogu yake, Hapa Kwetu, aliandika yale ambayo majarida ya kitaaluma hayana nafasi nayo: kitabu alichonunua juzi, tamasha alikopanga vitabu vyake mezani, safari za mwandishi Hemingway katika nchi yetu, na uchungu wake kwa Watanzania wasiosoma. Mwaka 2009 alichapisha Changamoto: Insha za Jamii, kitabu chenye sauti ileile. Msomi wa kiwango chake angeweza kubaki na Kiingereza chake. Aliamua kuzungumza na watu wa nyumbani, kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni Majengo hapa Dodoma kama kinavyoeleweka darasani.

Halafu serikali ikaingia. Aprili 2015 Bunge lilipitisha hapa Dodoma Sheria ya Makosa ya Mtandao, na Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa Sh100,000 za maombi, Sh1,000,000 za leseni, na Sh1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiye na leseni alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Hesabu hiyo haikumtenganisha mfanyabiashara wa habari na mwalimu anayeandika jioni baada ya kusahihisha madaftari.

Taasisi sita, miongoni mwao Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Baraza la Habari na Jamii Media, zilikwenda Mahakama Kuu Mtwara. Mei 4, 2018, siku moja kabla ya muda wa kujisajili kwisha, mahakama ilisimamisha kanuni hizo kwa muda. Wenye blogu walishusha pumzi, lakini haikuchukua mwezi: shauri likatupwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa tarehe mpya ya mwisho ya kujisajili, Juni 15. JamiiForums, jukwaa la Jamii Media, ilifunga milango Juni 11, ingawa ilirejea baadaye. Waandishi wadogo wengi hawakurejea. Ada hizo zilikuwa kubwa kupita kiasi, na lugha yetu ndiyo iliyopata hasara.

Baadaye kanuni zilirekebishwa na ada zikapungua, lakini wasomaji walikuwa wamekwishahamia WhatsApp na Instagram.

Kinachouma leo ni utunzaji. Gazeti na kitabu vina sheria inayomtaka mchapishaji apeleke nakala maktaba ya taifa. Maandishi ya blogu yanakaa kwenye kompyuta za kampuni za ng'ambo, na mwenye nayo akisahau nywila au akifariki, hakuna wa kuyadai. Mtafiti atakayetaka kujua Watanzania walibishana vipi kuhusu uchaguzi wa 2005 au 2010 atakuta viungo vilivyokufa.

Dodoma ina nyenzo za kuyaokoa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kina Idara ya Kiswahili na ndaki ya kompyuta katika eneo moja. Wanafunzi wa Kiswahili wangechagua maandishi, wa kompyuta wangeyanakili na kuyahifadhi. Waanze na Jikomboe, Michuzi na Hapa Kwetu, kwa idhini ya wenyewe, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.